Uzi: Unatumia dawa za mitishamba? Andika unachotumia, na usitupe mabaki

#1 Mfuatilia Dawa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kazi yangu ni kupokea na kuchambua taarifa za watu waliopata madhara baada ya kutumia dawa. Taarifa ya kidonge cha kiwandani ikiletwa, nina pa kuanzia: jina la dawa, miligramu zake, namba ya bechi, tarehe mgonjwa aliyoanza kumeza. Ya mitishamba ikija, aghalabu huwa ni sentensi moja: "Alikunywa dawa za kienyeji." Mti gani? Hajui. Mzizi, gome au jani? Alipewa unga. Unga uko wapi? Ulitupwa siku alipozidiwa. Uchunguzi unakwama papo hapo. Mgonjwa anatibiwa ini bila mtu kujua kilicholidhuru, na huenda wakati huohuo kuna mwingine anakunywa unga uleule.

Sijaja kupiga vita mitishamba. Digoksini, dawa ya moyo, chimbuko lake ni mimea ya Digitalis, ambayo daktari Mwingereza William Withering aliiandikia kitabu mwaka 1785. Humo humo alieleza na madhara yake: kutapika, kuona vitu vina rangi ya njano au kijani, mapigo ya moyo kupungua mno. Artemisinini inayotibu malaria ilitoka kwenye Artemisia annua. Mmea wenye uwezo wa kuponya una kemikali inayofanya kazi mwilini, na kemikali hiyo hiyo ikizidi, au ikikutana na mwili usioiweza, inadhuru. Withering aliyajua hayo kwa sababu aliandika habari za mgonjwa mmoja mmoja: alimpa kiasi gani, kikatokea nini, lini.

Kisa ninachokirudia kila ninapopata nafasi ni cha Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa figo mjini Brussels walianza kupokea wanawake ambao figo zao zilikuwa zinakufa kwa kasi isiyo ya kawaida. Walipochunguza, wakakuta wanawake hao walipitia kliniki ya kupunguza unene. Kliniki hiyo ilikuwa imeifanya kazi yake kwa miaka mingi bila tatizo la namna hiyo, ila mwaka 1990 iliongeza mimea ya Kichina kwenye mchanganyiko wake. Kwenye karatasi, mmoja wa mimea hiyo ulikuwa Stephania tetrandra. Unga ulipopimwa maabara ukakutwa na asidi ya aristolokia, ambayo Stephania haina kabisa. Mmea uliokuwemo ni Aristolochia fangchi. Majina ya Kichina ya mimea hiyo miwili yanakaribiana, mmoja ukachukuliwa badala ya mwingine. Zaidi ya watu 100 waliumia. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na miaka kadhaa baadaye baadhi yao wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo.

Sasa fikirini. Wanawake wale hata kama wangeweka kumbukumbu kwa uaminifu wote, wangeandika jina la mmea ambao hawakuunywa. Bila unga wenyewe kufika maabara, Stephania ingelaumiwa bure na Aristolochia ingeendelea kuuzwa.

Wakati mwingine kinachodhuru si mmea hata kidogo. Mwaka 2008 hospitali za Singapore zilipokea wanaume wasio na kisukari wakiwa wameshukiwa sukari vibaya, wengine hawana fahamu. Ndani ya miezi michache walizidi 100, na wanne wakafariki. Walikuwa wametumia bidhaa za kuongeza nguvu za kiume, baadhi zikitangazwa kuwa za asili, na ndani yake mlikutwa glibenklamaidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, tena kwa kiasi kikubwa. Madini mazito nayo yamo: watafiti walionunua bidhaa 70 za tiba ya Kihindi madukani Boston, wakachapisha matokeo mwaka 2004, walikuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Hakuna mtu angeweza kuyajua hayo kwa kuonja wala kunusa.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayetumia, na kwa kila anayemuuguza anayetumia: weka daftari, na weka pembeni kidogo ya kile unachokunywa. Kwenye daftari andika jina la mmea kwa lugha uliyotajiwa, sehemu iliyotumika, namna ilivyoandaliwa (kuchemshwa, kulowekwa, kusagwa, kulowekwa kwenye pombe, maana kila njia hutoa kemikali tofauti), na kiasi kwa kipimo kinachopimika. "Glasi moja" haitoshi, glasi zina ukubwa tofauti. Andika tarehe ya kuanza na ya kuacha. Andika na dawa nyingine zote, pamoja na zile ambazo watu hawazihesabu: vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za maumivu, vitamini. Jambo lolote jipya mwilini liandikwe siku hiyohiyo na saa yake, hata kama hudhani linahusiana.

Karibuni kwa maswali na kwa wenye uzoefu.

#2 Mzee wa Hoja

Mkuu nimekusoma vizuri, lakini hapa kuna jambo silikubali. Dawa hizi zimetumiwa vizazi na vizazi. Zingekuwa zinaua figo, wazee wangejua zamani sana na wangeziacha. Vidonge vyenu ndivyo vina karatasi ndefu ya madhara ndani ya boksi.

#3 Mfuatilia Dawa

Mzee wa Hoja, hoja yako ina uzito na sitaki kuipuuza. Wazee walikuwa wachunguzi wazuri sana wa madhara ya haraka. Mtu akila mzizi asubuhi akatapika hadi jioni, kijiji kizima kinajua mzizi ule haufai, na elimu hiyo inarithiwa. Ndiyo maana mimea mingi ya sumu kali inajulikana kwa majina na watoto wanaonywa nayo.

Tatizo ni madhara ya polepole. Aristolochia imetumika kama dawa tangu enzi za Wagiriki wa kale, katika mabara mbalimbali, na leo Shirika la Utafiti wa Saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka asidi yake katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ilichukua karne nyingi kugundulika. Kwa nini? Kwa sababu anayekunywa leo anaugua baada ya miaka, na kwa wakati huo hakuna anayekumbuka ile dawa ya tumbo. Tabibu mmoja akiwa na wagonjwa wachache walioumia, waliotawanyika katika miaka mingi, hana namna ya kuliona hilo kwa macho yake. Alkaloidi za pirolizidini zilizomo kwenye mmea wa komfrei nazo ziko hivyo: huziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini kidogo kidogo, na mtu anaweza kunywa kwa muda mrefu kabla tumbo halijaanza kujaa maji.

Halafu matumizi yenyewe yamebadilika. Wazee walichemsha majani, wakanywa siku chache, wakaacha. Sasa mmea uleule unakamuliwa, unakaushwa, unatiwa kwenye kapsuli, na mtu anameza kila siku kwa miezi huku akiwa na dawa ya presha na ya kisukari. Uzoefu wa matumizi ya kwanza hauwezi kuthibitisha usalama wa haya ya pili.

Na ile karatasi ndefu kwenye boksi la vidonge, mkuu, ipo kwa sababu kuna watu walipata madhara hayo na wakayaripoti. Bidhaa isiyo na karatasi haimaanishi haina madhara. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyehesabu.

#4 Tabibu Jani Bichi

Nami nichangie kwa upande wetu tunaotibu. Nimefurahi kuona mtu wa hospitali anaongea bila kututukana.

Mimi huandika wagonjwa wangu, na nawafahamu wenzangu wanaofanya hivyo. Kinachotutia hofu ni hiki: nikisema mgonjwa wangu alipata shida, kesho nitaambiwa mimi ndiye muuaji na nitafungiwa. Kwa hiyo wengi hunyamaza. Mlifikirie hilo.

Jingine, sisi wenyewe tunajua mti mmoja hauna nguvu sawa mwaka mzima. Mzizi uliochimbwa kiangazi si sawa na wa masika. Mti mchanga na mti mkubwa, vilevile. Na siku hizi wengi hawachimbi wenyewe, wananunua kwa wachimbaji. Mchimbaji akikosa mti ulioagizwa analeta unaofanana nao. Unga ukishasagwa, hata mimi siwezi kukuapia ni wenyewe.

#5 Mfuatilia Dawa

Tabibu, nashukuru sana, na hilo la wachimbaji ndilo lililotokea Ubelgiji kwa sura nyingine.

Kuhusu hofu: taarifa ya madhara si mashtaka. Tunapopokea taarifa tunaanza na neno "inashukiwa". Baadaye tunaipima: je, muda kati ya kunywa na kuugua unaingia akilini? Alipoacha, alipata nafuu? Kuna ugonjwa mwingine unaoweza kueleza yote, kama homa ya ini ya virusi? Kuna dawa nyingine iliyochanganywa? Majibu yanatuweka kwenye madaraja ya WHO, kuanzia "hakika", "huenda sana", "inawezekana", hadi "haielekei", na yapo mengine mawili kwa taarifa zisizokamilika au zisizoweza kupimwa. Taarifa nyingi za mitishamba huangukia huko mwishoni, na mara nyingi sababu ni kukosa jina na sampuli. Hilo linawaumiza na ninyi matabibu, kwa sababu mmea usio na hatia hauwezi kusafishwa jina lake.

Tabibu mwenye daftari ana kitu ambacho daktari wa hospitali hana: anajua ni wagonjwa wangapi walikunywa dawa ileile wasipate shida. Sisi tunaona walioumia tu. Hatujui kama ni mmoja kati ya kumi au mmoja kati ya elfu kumi. Daftari lako ndilo linaloweza kutuambia.

#6 Mama Wawili

Habari zenu. Baba yangu anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kuna ndugu alimletea kapsuli za ginkgo za kuimarisha kumbukumbu, na zingine za kitunguu saumu. Sasa fizi zinatoka damu akipiga mswaki. Nimwambie aache zote leo?

#7 Mfuatilia Dawa

Mama Wawili, mpeleke leo apimwe INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda), na ubebe chupa zote mbili za kapsuli na ya wafarini. Ginkgo na kitunguu saumu cha kapsuli vyote vinashukiwa kuongeza kutoka damu kwa mtu anayetumia wafarini, kwa hiyo fizi hizo zisichukuliwe kirahisi. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukiwa mwekundu, au akiumwa kichwa ghafla, hiyo ni dharura, msisubiri kliniki ifunguliwe. Wafarini asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, mwambieni daktari.

Naomba niongeze jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kuacha mmea nako ni badiliko. Upo mmea unaoitwa Hypericum perforatum, unatumika sana kwa sonona. Unaliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich walieleza wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo ambao miili yao ilianza kuukataa, kwa kuwa mmea huo ulishusha kwenye damu siklosporini, dawa inayouzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa. Unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za VVU, na wafarini pia. Sasa daktari asiyejua kwamba unautumia anaona wafarini haifanyi kazi, anaongeza dozi. Siku ukiuacha mmea kimya kimya, ini linarudi hali yake, dozi ile kubwa inabaki, na damu inaanza kutoka. Kwa hiyo daktari ajue unapoanza na ajue unapoacha.

Na kwa yeyote anayesubiri upasuaji: mwambie daktari wa ganzi mapema. Ushauri unaotolewa sana ni kuacha mitishamba walau wiki mbili kabla.

#8 Nesi wa Zamu

Naunga mkono. Wodini tukiuliza "unatumia dawa nyingine?" jibu ni hapana. Mgonjwa hahesabu ile ya kuchemsha kuwa dawa, au anaogopa kufokewa. Na kweli wapo wenzetu wanaofoka, mgonjwa akishafokewa mara moja hasemi tena maishani.

Mimi nauliza hivi: "Watu wengi hutumia na za mitishamba, wewe unakunywa, unapaka au unajifukiza na ipi?" Nauliza kama ni jambo la kawaida, kwa sababu ni la kawaida. Nikishajibiwa, nawaomba ndugu walete kilichobaki nyumbani, hata kama ni masalia ya kwenye sufuria.

#9 Kijana Mtaratibu

Swali. Niliambiwa nikianza dawa nitaharisha na mkojo utabadilika, ndiyo dawa inasafisha mwili na kutoa sumu. Nitajuaje ni kusafisha au ni madhara?

#10 Mfuatilia Dawa

Kijana, swali lako ni zito kuliko unavyodhani, kwa sababu maneno hayo ndiyo yanayowachelewesha watu wengi kufika hospitali. Ukiambiwa kila dalili mbaya ni dawa inafanya kazi, basi hakuna dalili itakayokushtua.

Ipo mimea ambayo kazi yake ni kuharisha, kama sanamaki, kwa hiyo choo laini siku moja au mbili si ajabu. Kuharisha kunakoendelea ni jambo jingine. Kunaondoa maji na potasiamu, misuli inalegea, moyo unapiga ovyo, na kwa anayetumia digoksini au dawa za kukojosha hatari inaongezeka maradufu. Mzizi wa likorisi nao ukinywewa sana unashusha potasiamu na kupandisha presha, na mtu mwenye presha asiyejua hilo atazidi kuongezewa vidonge.

Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, macho kuwa ya njano, mwili kuwasha bila vipele, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, kukosa hamu ya kula na uchovu usioelezeka: hilo ni ini linalalamika. Acha dawa siku hiyohiyo na uende ukapimwe. Mkojo kupungua sana, uso na miguu kuvimba: figo. Uso kuvimba ghafla, pumzi kubana, vidonda mdomoni na ngozi kubabuka: usisubiri hata saa moja.

Na ukipona, usiirudie "kuona kama ni yenyewe". Ufaransa mwaka 1992 mmea wa Teucrium chamaedrys, uliokuwa ukitumika kupunguza uzito, uliondolewa sokoni baada ya watu kupata homa ya ini. Baadhi yao walikuwa wamepona walipoacha, wakaanza tena, na ini likavimba tena. Kwa mchunguzi huo ni ushahidi wenye nguvu. Kwa mgonjwa ni hatari isiyo na sababu, maana mara ya pili mara nyingi huwa kali zaidi.

#11 Mzee wa Hoja

Nimerudi. Hapo kwenye kuhesabu walioumia na wasioumia nimekuelewa. Swali langu la mwisho: hata nikiripoti, taarifa yangu moja itabadilisha nini?

#12 Mfuatilia Dawa

Mzee wangu, moja peke yake mara nyingi haitoshi. Zikikutana, zinasema. Baada ya thalidomaidi, dawa waliyomeza wajawazito, kusababisha watoto wengi kuzaliwa na viungo vilivyodumaa, WHO ilianzisha mpango wa kimataifa wa kufuatilia usalama wa dawa mwaka 1968. Kituo chake kiko Uppsala, Uswidi, na hifadhidata yake ina taarifa zaidi ya milioni 30 kutoka nchi wanachama. Mitishamba imo, na mwaka 2004 WHO ilitoa mwongozo mahususi wa namna ya kuiingiza kwenye mifumo hiyo. Taarifa yako ikikaa karibu na nyingine mbili za nchi tofauti kuhusu mmea uleule na ini lilelile, hapo mtu anaamka na kuchunguza.

Kinachotuumiza ni ukimya. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa kwa kawaida takriban asilimia 94 ya madhara ya dawa hayaripotiwi. Hiyo ni kwa dawa kwa jumla. Kwa mitishamba, ambayo mgonjwa mwenyewe haisemi, sina sababu ya kutarajia hali iwe bora.

Ili taarifa ipokelewe, vinatakiwa vitu vinne tu: mgonjwa anayetambulika (herufi za mwanzo za jina, umri au jinsi vinatosha, si lazima jina kamili), mtu anayeripoti, bidhaa inayoshukiwa, na dhara lililotokea. Huhitaji kuwa na uhakika. Mpe mfamasia, daktari au nesi, au peleka moja kwa moja kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako. Nchi nyingi zinapokea pia kutoka kwa mgonjwa mwenyewe.

#13 Tabibu Jani Bichi

Mimi nitaanza kuweka sampuli. Naomba unieleze vizuri namna ya kuzihifadhi ili maabara isije ikazikataa.

#14 Mfuatilia Dawa

Tabibu, ahsante. Kabla hujasaga, chukua tawi lenye majani, na ua au tunda kama lipo, libane katikati ya magazeti chini ya kitu kizito hadi likauke kabisa, ukibadilisha magazeti yakilowa. Mtaalamu wa mimea anaweza kuutambua mti kwa tawi hilo, jambo ambalo kwa unga ni gumu sana. Kama ni mzizi au gome, bakiza kipande kizima. Unga weka kijiko kadhaa kwenye chombo kikavu safi chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu. Dawa ya maji iwekwe kwenye chupa safi na ikae kwenye friji, maana ikichacha haitatuambia ilikuwaje mgonjwa alipoinywa.

Kila chombo kiwe na karatasi: jina la mmea, sehemu, ulichimbwa wapi na lini, nani alichimba, na namba ya mkupuo (yaani dawa yote uliyoiandaa kwa wakati mmoja). Namba hiyohiyo iandike kwenye daftari mbele ya jina la kila mgonjwa aliyepewa dawa ya mkupuo huo. Ukianza mkupuo mpya, hata wa mti uleule kutoka kwa mchimbaji yuleyule, anza na namba mpya na sampuli mpya. Ya zamani usiitupe mapema, kwa kuwa kama tulivyoona, madhara mengine huchelewa.

Picha ya simu ya mti ukiwa bado umesimama inasaidia pia. Piga mti mzima, kisha majani kwa karibu, pande zote mbili za jani.